Namna ya Kulitafsiri Neno «firm» kwa Kiswahili: Anza na Kinyume Chake

Mtu anayepokea kazi za kutafsiri jijini Dar es Salaam, awe na ofisi ghorofani Posta au meza moja tu ndani ya steshenari ya Mwenge, ni nadra amalize mwezi bila kukutana na neno la Kiingereza «firm». Litamjia katika zabuni ya ujenzi, katika kipeperushi cha magodoro, katika taarifa ya soko la fedha, katika ripoti ya hospitali na katika mkataba, na kila mara litakuwa limebeba maana tofauti kidogo na ile ya jana. Kamusi itampa imara, thabiti, madhubuti na -gumu. Yote ni maneno sahihi, lakini kamusi haiwezi kumwambia lipi liende wapi, kwa sababu kamusi haijaiona sentensi yake.

Mwongozo huu unaeleza utaratibu ninaoutumia mwenyewe. Msingi wake ni mmoja: kabla ya kutafuta neno la Kiswahili linalofanana na «firm», tafuta kwanza jambo ambalo «firm» ya sentensi hiyo inalikataa. Ukikijua kinyume chake, neno la Kiswahili mara nyingi hujitokeza lenyewe, na mara nyingine hugundua kwamba hukuhitaji kivumishi hata kidogo.

Nilijifunza hili kwa aibu. Miaka ya mwanzo ya kazi nilipewa kipeperushi cha magodoro na mama mmoja mwenye duka la samani upande wa Keko. Kila palipoandikwa «firm» nikaandika «godoro imara», nikaridhika, nikalipwa. Haukupita muda mrefu akanipigia simu: «Mwanangu, wateja wananirudishia magodoro. Wanasema niliwaambia imara, wao wanaona jiwe.» Wateja walikuwa na haki. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, kitu imara ni kile kinachodumu, kisichochakaa wala kuvunjika upesi, na godoro laini pia linaweza kuwa imara kwa maana hiyo. Kipeperushi cha Kiingereza hakikuwa kinazungumzia muda wa kudumu. Kilikuwa kinazungumzia mwili wa mtu unavyozama au usivyozama anapolala.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ni kivumishi

Hatua hii ni fupi, lakini anayeiruka hujikuta ameandika vichekesho. Neno hilohilo katika Kiingereza ni nomino pia, na hapo halihusiani tena na ugumu wala uthabiti, bali humaanisha taasisi ya biashara. Asili yake ni neno la Kiitaliano la saini, kwa maana ya jina ambalo wafanyabiashara walilitumia kutia saini hati zao, na neno hilo la Kiitaliano lenyewe linatokana na kitenzi cha Kilatini cha kuthibitisha. Katika kazi nyingi za kawaida neno «kampuni» linatosha: kampuni ya uwakili, kampuni ya ukaguzi wa hesabu.

Uangalifu unahitajika pale tu matini ya kisheria inapotofautisha aina mbili za taasisi. Katika Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, nomino hii ni jina la pamoja la watu walioingia ubia, nao hawahesabiwi kuwa kampuni kwa maana ya kisheria. Ukikutana na aya inayoyataja yote mawili kwa pamoja, usiandike «kampuni au kampuni», kama nilivyowahi kuona katika rasimu moja. Andika «kampuni au taasisi ya ubia», kisha uendelee.

Hatua ya pili: andika kinyume chake pembeni

Chukua kalamu, na kila palipo na neno hilo andika pembeni mwa karatasi kitu ambacho mwandishi anakikanusha. Usiandike kinyume cha neno lenyewe kama lilivyo katika kamusi, bali kinyume chake katika sentensi ile. Swali la kujiuliza ni rahisi: kama kitu hiki kisingekuwa hivyo, kingekuwaje?

Godoro lisipokuwa hivyo lingekuwa laini. Nati isipokuwa hivyo ingekuwa imelegea. Bei ingebadilika au ingepungua. Tarehe ingekuwa ya kukisia. Ardhi ingetitia. Imani ingeyumba, mzazi angedekeza, na rafiki angekuwa wa kupita tu. Tazama jinsi Kiswahili kilivyo na neno lake kwa kila upungufu, ilhali Kiingereza kimeufunika ukamilifu wa hayo yote kwa neno moja. Kwa hiyo mfasiri anayeng'ang'ania neno moja la Kiswahili kwa ajili ya kulinda «usawa wa istilahi» anakuwa mwaminifu kwa herufi na mwizi wa maana. Usawa wa istilahi ni jambo jema ndani ya fani moja na matini moja. Lakini haumlazimishi mtu aite bei na udongo kwa sifa moja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni ule msemo wa Kilatini ambao Waingereza wameuazima, «terra firma», wenye maana ya ardhi iliyo thabiti. Kiswahili hakisemi ardhi thabiti. Abiria anayeshuka kwenye pantoni pale Kigamboni amekanyaga nchi kavu. Kwa sababu kinyume kilichokuwa akilini mwa watu wa pwani ni bahari, sifa iliyochaguliwa ni ukavu, na hakuna anayelalamika kwamba uthabiti umepotea katika tafsiri.

Hatua ya tatu: kama kinyume ni ulaini, uliza ngazi ina vidato vingapi

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko pote, na ndipo nitakapokaa kwa muda. Mtu anapoona kwamba kinyume ni «laini», hukimbilia -gumu. Mara nyingi atakuwa sahihi, lakini katika fani kadhaa «firm» si upande wa pili wa ulaini. Ni kidato cha katikati cha ngazi, na juu yake kuna vidato vingine ambavyo ndivyo hasa vinavyostahili kuitwa ugumu.

Chukua udongo. Katika utaratibu wa Uingereza wa kueleza udongo wa mfinyanzi kwa mkono, udongo laini sana hupenya katikati ya vidole mtu akiufumbata, na ule laini hufinyangika kwa kubonyezwa kidogo tu. Udongo unaoitwa «firm» hufinyangika pia, ila kwa kubonyezwa kwa nguvu. Baada yake kuna udongo ambao haufinyangiki kwa vidole, bali kidole gumba kinaacha alama tu, na juu zaidi upo ambao hupata alama kwa ukucha peke yake. Kwa hiyo anayeandika «udongo mgumu» kwa kidato cha tatu anampandisha daraja udongo ambao bado unafinyangika mkononi, na atakapofika kwenye udongo mgumu wenyewe hatakuwa na neno lililobaki isipokuwa kurundika «sana» juu ya «sana». Mimi huandika «udongo wa ugumu wa kati», na mara ya kwanza neno hilo linapotokea ninaongeza kishazi: unaofinyangika kwa kubonyezwa kwa nguvu. Mhandisi anayesoma ripoti ya maabara ataelewa mara moja, na fundi hatadanganyika.

Hata hivyo, hati ya maelekezo ya uchimbaji wa msingi si ripoti ya maabara. Ikiagiza kwamba mtaro uchimbwe hadi kufikia ardhi ya namna hiyo, kinyume kinachokusudiwa si kidato kingine cha ngazi, bali ni kifusi, taka na tope. Yeyote aliyeona eneo la Jangwani wakati wa masika, Mto Msimbazi unapofurika, anajua ardhi inayotitia ikoje. Hapo «chimba hadi ufikie udongo mgumu», kama mafundi wenyewe wanavyosema, inatosha kabisa, na kwa lugha ya mkataba «ardhi iliyoshikamana isiyotitia» ni bora zaidi kwa sababu inaeleza sababu ya kuchimba.

Ngazi ya pili yenye madhara ni ya hospitali. Daktari anapopapasa uvimbe hueleza ulaini au ugumu wake, na wanafunzi wa udaktari hufundishwa kipimo ambacho kila mtu anacho usoni mwake: mguso wa mdomo ni laini, mguso wa ncha ya pua ndio huu wa kati unaoitwa «firm», na mguso wa paji la uso ndio ugumu. Gusa sasa hivi, utaona tofauti. Daktari anayesoma kwamba tezi ni ngumu kama mfupa huanza kufikiria mambo mengine kabisa, na mazito zaidi, kuliko anayesoma kwamba ina ugumu wa ncha ya pua. Ukitafsiri ripoti ya mgonjwa kwa kutumia «mgumu» katika sehemu zote mbili, utakuwa umefuta taarifa ambayo daktari aliiandika kwa makusudi. Kwa kidato cha kati andika «uvimbe mgumu kiasi», na kama matini ni ya kuelimisha umma, tumia mfano wa pua bila kuona haya, kwa kuwa ni mfano wa darasani kabisa.

Magodoro nayo yana ngazi, kwa kawaida yenye laini, wastani, gumu na gumu sana, na hapa «firm» kweli ni «gumu». Kosa langu la Keko halikuwa la kidato. Lilikuwa la kukosea ngazi nzima.

Jikoni na sokoni mambo ni mepesi, ila kuna mtego mmoja. Nyanya «ngumu» kwa muuzaji wa Kariakoo au Buguruni ni sifa njema, kwa kuwa zinastahimili safari na hazipondeki, na hivyo mapishi yanayotaka nyanya za namna hiyo yatafsiriwe vivyo hivyo. Lakini ukisema parachichi «gumu», msomaji ataelewa kwamba halijaiva. Mapishi ya saladi yanayotaka parachichi lililoiva lakini lisiwe limelainika yaseme hivyohivyo kwa maneno mengi, au yatumie kitenzi «kubonyea»: parachichi lililoiva ambalo halibonyei ukiligusa. Kwa samaki, maelekezo yanayotaka nyama ya namna hiyo hayazungumzii ugumu wa kutafuna, bali yanataka samaki asiyemeguka sufuriani, na mnunuzi wa Feri akiambiwa «samaki asiyemeguka, kama nguru» hatauliza swali la pili.

Hatua ya nne: kama kinyume ni ulegevu, acha kivumishi utumie kitenzi

Kiingereza hupenda kusema kitu kikoje, wakati Kiswahili mara nyingi hupendelea kusema kitu kimefanya nini au kifanywe nini. Kinyume kikiwa ni kulegea, kitenzi «kaza» na ndugu zake hubeba maana yote, na kuongeza imara au thabiti juu yake ni kumtwika punda aliyekwisha jaa.

Maelekezo ya kufunga kifuniko cha chupa ya dawa kwa namna hiyo ni «kaza kifuniko» tu. Nati ni «kaza nati». Udongo unaorudishwa kuzunguka mche uliopandwa «hushindiliwa», na zege linalosubiriwa kabla ya kuondoa mbao linasubiriwa «lishike». Katika huduma ya kwanza, agizo la kuweka shinikizo la namna hii juu ya jeraha linalovuja damu lina mambo mawili ndani yake, nguvu na kutoachia, kwa hiyo tafsiri yake kamili ni «kandamiza jeraha kwa nguvu bila kuachia». Nimeona mabango yaliyotaja nguvu peke yake. Msomaji wa bango hilo atakandamiza kwa nguvu, kisha ataachia ili achungulie kama damu imekoma, jambo ambalo mwandishi wa asili alitaka kulizuia.

Mfano mzito kuliko yote katika kundi hili unatoka wodi ya wazazi. Baada ya mama kujifungua, mkunga hupapasa tumbo lake chini ya kitovu kuangalia kama mfuko wa uzazi uko «firm». Mfuko usiojikaza huacha mishipa ya damu wazi, na mama anaweza kupoteza damu nyingi kwa muda mfupi. Maneno ya wakunga wenyewe ni mawili: umekaza au umelegea. Anayetafsiri mwongozo wa wakunga akaandika «hakikisha mfuko wa uzazi uko imara» ameandika sentensi nzuri ya hotuba isiyoelekeza mkono wowote. Akiandika «mgumu», ameongeza hofu, kwa kuwa tumbo gumu katika lugha ya hospitali ni dalili nyingine kabisa. Sentensi inayofaa ni hii: kanda tumbo la mama hadi usikie mfuko wa uzazi umekaza.

Kwa upande wa kusalimiana kwa mikono, vitabu vya kuwaandaa vijana kwa usaili wa kazi hupenda kusifu mshiko wa namna hii. Kinyume kinachokataliwa ni mkono uliolegea kama kitambaa kilichoroa. Lakini mfasiri akiandika «mshike mkono kwa nguvu», kijana wa Dar es Salaam aliyefundishwa kumpa mkubwa wake mkono kwa upole, pengine akiushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto ili kuonyesha heshima, ataenda kumuminya vidole mkurugenzi mwenye umri wa baba yake. Mimi huandika «mpe mkono vizuri, bila kuulegeza wala kumuminya», na ninaacha adabu zikamilishe yaliyobaki.

Hatua ya tano: kama kinyume ni mabadiliko, taja kitu kinachozuiwa kubadilika

Kundi hili ni la fedha, biashara na mikataba, na ndilo limeongezeka zaidi mezani kwangu tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Utaratibu wake ni kugeuza sifa kuwa kanusho lililo wazi: isiyobadilika, isiyopungua, isiyoondolewa. Kanusho kama hilo linaweza kuonekana refu kuliko «thabiti», lakini wakili anayebishana juu yake baadaye atakushukuru.

Anza na bei. Katika tangazo la kuuza gari lililotumika, maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba bei ni «firm» yana tafsiri moja tu ambayo kila mkazi wa jiji hili anaijua: bei haipungui. Ni upande wa pili wa «maongezi yapo». Kuandika «bei thabiti» katika tangazo hilo ni kumwalika mteja aje kupatana, kwa sababu hajaambiwa asipatane. Katika zabuni, hata hivyo, wasiwasi si kupatana bali ni kupanda kwa gharama katikati ya kazi, na kwa hiyo andika «bei isiyobadilika katika kipindi chote cha mkataba». Katika taarifa za masoko maana inageuka tena: mwandishi akisema kwamba soko la kahawa lilikuwa hivyo, anamaanisha kwamba bei hazikushuka na dalili ni za kupanda. Kitenzi chake, kinapotumika kwa sarafu, kina tafsiri iliyokwisha zoeleka katika magazeti yetu, yaani shilingi imeimarika dhidi ya dola, na hapo imara imepata nafasi yake halali.

Ofa inahitaji uangalifu zaidi. Katika sheria ya mikataba yenye asili ya Uingereza, mtu aliyetoa ofa kwa kawaida anaweza kuiondoa kabla haijakubaliwa, hata kama aliahidi kuiacha wazi, isipokuwa kama alilipwa kitu kwa ahadi hiyo. Nchini Marekani, Kanuni ya Biashara inayotumika katika majimbo inaitambua ofa ya mfanyabiashara ya kununua au kuuza bidhaa, iliyoandikwa na kutiwa saini pamoja na ahadi kwamba itabaki wazi, kuwa ofa isiyoweza kuondolewa ndani ya muda uliotajwa, au muda wa kuridhisha kama haukutajwa, ila kwa muda usiozidi miezi 3. Istilahi ya Kiingereza ni ileile «firm offer», na mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza bidhaa kutoka nje atataka kujua jambo moja tu, kama muuzaji anaweza kurudi nyuma. «Ofa thabiti» haimjibu. «Ofa isiyoweza kuondolewa kabla ya tarehe fulani» inamjibu, mradi mfasiri amehakikisha kwamba ndivyo matini inavyosema.

Katika oda, nafasi za safari na tarehe, kinyume ni ukisio au jambo linalosubiri uthibitisho, kwa hiyo tumia «iliyothibitishwa»: oda iliyothibitishwa, nafasi iliyothibitishwa, tarehe iliyothibitishwa. Inafurahisha kuona kwamba Kiingereza na Kiswahili vimepita njia moja bila kuambiana. Kitenzi cha Kiingereza «confirm» kimejengwa juu ya mzizi wa Kilatini uleule wa «firm», na kitenzi chetu thibitisha kimejengwa juu ya thabiti, neno tulilolipata katika Kiarabu.

Umeme ninautaja kwa sababu magazeti hukosea. Wataalamu wa nishati ya maji hutofautisha uwezo uliofungwa, yaani jumla ya uwezo wa mitambo yote iliyosimikwa, na ule wanaouita «firm», ambao ni kiasi ambacho kituo kinaweza kukitoa hata mvua zikiwa haba. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, nayo hiyo ni namba ya uwezo uliofungwa. Kinyume kinachohofiwa hapa ni ukame, na tafsiri iliyo nyepesi na sahihi ni «umeme wa uhakika». Anayeandika «umeme imara» amewapa wasomaji picha ya nguzo na nyaya.

Hatua ya sita: kama kinyume ni kuyumba, chagua kati ya imara, thabiti na madhubuti

Sasa ndipo maneno matatu ya kamusi yanapofaa kazi yao, kwa kuwa hapa tunazungumzia watu, nia, imani na mipango. Wengi huyatumia kama visawe. Mimi siyatumii hivyo, na sababu zangu ni hizi.

Imara hutazama kusimama na kustahimili mzigo: ukuta imara, afya imara, jeshi imara. Ndiyo maana agizo la kusimama bila kurudi nyuma ni «simama imara», na ndiyo maana Wakatoliki wa Tanzania wanaiita mojawapo ya sakramenti za kuingizwa katika Ukristo Kipaimara, yaani kile kinachompa mtu uimara. Jina la sakramenti hiyo kwa lugha za Ulaya linatokana na mzizi uleule wa Kilatini tunaoushughulikia hapa. Aliyeliunda jina la Kiswahili hakutafsiri herufi kwa herufi. Aliuliza sakramenti inamfanyia nini mwamini, akajibu kwa neno moja, na sijaona tafsiri ya neno hili iliyoizidi hiyo.

Thabiti hutazama kutogeuka: imani thabiti, nia thabiti, msimamo thabiti. Mtu anaweza kuwa dhaifu wa mwili na bado akawa na msimamo thabiti. Madhubuti hutazama mpangilio na udhibiti, na si ajabu, kwa sababu neno hilo na kitenzi dhibiti vimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu: mpango madhubuti, ulinzi madhubuti, hatua madhubuti. Tahadhari moja: «hatua madhubuti» na «hatua kali» si kitu kimoja. Serikali inayochukua hatua kali inaadhibu, na inayochukua hatua madhubuti inahakikisha jambo linakoma. Taarifa nyingi za Kiingereza huficha ni ipi kati ya hizo mbili inayokusudiwa, na mfasiri asiyesoma aya nzima atamfanya msemaji awe mkali kuliko alivyotaka.

Kosa la aina hiyohiyo hutokea katika vitabu vya malezi vinavyomshauri mzazi awe «firm» lakini mwenye haki. Neno «mkali» hapa linaharibu kila kitu, kwa sababu mzazi anayekusudiwa hapigi kelele. Kinyume chake ni kudekeza na kubadilisha kauli mtoto anapolia. Andika «mzazi asiyeyumbishwa», au kwa lugha ya nyumbani, mzazi ambaye hapana yake ni hapana.

Misemo iliyobaki haihitaji maelezo marefu, kwa kuwa lugha ya mitaani ilikwisha kuitafsiri. Marafiki wa namna hii ni marafiki wa kufa na kuzikana. Mshabiki wa namna hii wa Simba au Yanga ni shabiki lialia, na mwanachama wa chama cha siasa ni mwanachama kindakindaki.

Hatua ya saba: mpe rasimu mtu atakayeitumia

Usimpe mtu anayejua Kiingereza, kwa sababu yeye ataisoma sentensi yako huku akisikia ile ya asili nyuma yake, na ataona kila kitu kiko sawa. Mpe mkunga sentensi ya mkunga, umwombe akuonyeshe kwa mikono angefanya nini. Mpe fundi sentensi ya msingi, umuulize angesimamia wapi kuchimba. Muulize mnunuzi kama bei hiyo anaweza kuiteremsha. Akijibu kinyume na ulivyokusudia, rudi kwenye kinyume ulichokiandika pembeni mwa karatasi, maana mara nyingi kosa huanzia pale.

Nilipomrudishia mama wa Keko kipeperushi kilichorekebishwa, nilikuwa nimeandika «godoro gumu» kila mahali, nikiamini kwamba sasa nimefika. Aliisoma kurasa mbili, akavua miwani. Alisema neno ni la kweli, lakini hakuna mtu anayetoka nyumbani kwake Mbagala kwa daladala mbili kwenda kununua ugumu. Tulikaa juu ya mabomba ya plastiki yaliyokuwa mlangoni pa duka, tukarudi kwenye lile swali la mwili unaozama na usiozama, na tulipoinuka tulikuwa tumekubaliana kuandika «godoro lisilokuzamisha».